Sindano, Aliyeuliza Nani Mwingine Anaishi Humu

Wafiwa wenzangu, majirani, na ninyi mliofanya kazi na kaka yangu, mimi ni mdogo wake wa kike, nimepewa kusoma historia ya maisha yake, naomba mnivumilie, kwa maana karatasi hii nimeiandika na kuifuta hadi imetoboka, na mwisho wake bado sijui niusomeje.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1964, au tarehe 11 kama kadi ya kliniki inavyodai, mama alishikilia tisa na hakuna aliyethubutu kubishana naye, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu, katika nyumba ya kupanga iliyopakana na kiwanda cha mbao, ambako mchwa walikuwa wapangaji wenzetu. Alianza shule ya msingi Januari 1972, akamaliza sekondari Novemba 1982, alama zake zilikuwa za kawaida tu.

Tarehe 3 Machi 1984 aliajiriwa na kampuni ya kuua wadudu, akapewa pampu ya mgongoni, na wiki ileile akapuliza dawa jikoni kwa bibi mmoja, mende wakafa, na kasuku wa bibi naye akafa kwenye tundu lake. Bibi hakumgombeza, alikaa tu akilitazama lile tundu, na kuanzia siku hiyo kaka hakufungua dawa ndani ya nyumba ya mtu kabla ya kuuliza, nani mwingine anaishi humu, akimaanisha paka, mjusi, nyuki wa darini, mtoto mchanga. Aligonga ukuta kwa kidole mpaka ajue mchwa walipo, akatoboa kidogo, akaingiza dawa kwa bomba la sindano, ndipo akaitwa Sindano, ingawa wateja wengine walimkimbia, nyumba isiponuka dawa waliona wamelaghaiwa. Akimaliza alimwambia mwenye nyumba, laleni, wengine wote wazima. Ile methali ya samaki mmoja akioza hakuipenda kabisa, alisema aliyeitunga hakuwa na kisu.

Tarehe 14 Desemba 1991 alifunga ndoa na wifi yangu, fundi cherehani, baada ya kumtolea wadudu kabatini bila kuharibu hata kitambaa kimoja, wakajaliwa mabinti wawili, wa kwanza tarehe 6 Juni 1993, ambaye ni dereva wa lori, na wa pili tarehe 20 Oktoba 1998, ambaye ni mwalimu.

Januari mwaka huu alikutwa na uvimbe kwenye utumbo, akamuuliza daktari wa upasuaji swali lake lilelile, daktari akacheka, kisha akamwonyesha kwa kidole kitakachotoka na kitakachobaki. Tarehe 18 Februari alipasuliwa, uvimbe ukatoka wote, pembeni hapakuguswa, nasi tukashangilia. Asubuhi ya tarehe 21 mguu wake ulivimba, wifi akamweleza mhudumu wa zamu, ambaye hakufunua hata shuka, alisema ni kawaida, na mchana damu iliyoganda ikapanda mapafuni, kaka akatutoka.

Hapa ndipo ninapochanganyikiwa, ndugu zangu. Nilipouliza kama angepona lau mguu ungeangaliwa mapema, nilijibiwa huenda ndiyo, huenda hapana, na jibu hilo nimelala nalo, nimeamka nalo. Jana kaka yetu mkubwa alisema tukishukuru hospitali ile hatakaa hapa, akaitaja methali ya samaki, wifi akasema tushukuru wote kama ilivyo desturi, na mimi kila nilipoandika upande mmoja, mkono ulifuta.

Basi nitafanya kama alivyofanya marehemu. Namshukuru daktari aliyempasua, namshukuru muuguzi aliyemwosha uso na kumwita baba, nawashukuru wafagiaji wa wodi waliomtania, majirani mliopika na kutandika, wenzake wa kazini mliobeba jeneza. Kwa yule mmoja wa zamu ile sina shukrani, na sitamtupia jiwe, nitakwenda mwenyewe kumuuliza kwa nini hakufunua shuka.

Kaka mkubwa, nakuona bado umekaa. Ahsante.

Lala kwa amani, Sindano, wengine wote wazima.