Farasi wa Mfalme na Kisima Chetu

Tangu moto ulipoteketeza uwanja wa mji wetu, kijiwe kimebaki na kiti kimoja, boriti iliyoungua upande mmoja. Guyonne anauzia kahawa hapo, mbele ya kibanda chake cha mbao, katikati ya vigingi vya mhandisi wa mfalme. Nyumba zitajengwa upya kwa mawe, njia zitanyooshwa, na katikati itasimama sanamu ya mfalme juu ya farasi. Hayo yameshaamuliwa huko Versailles, kwenye kasri la mfalme. Sisi tulikuwa tunagombania farasi atazame wapi.

— Nasema mapema, akaanza Guyonne. Matako ya farasi hayaelekei kwangu. Nimepoteza nyumba, sijapoteza heshima.

— Yaelekee kwangu, siyo? akafoka Mathurin mwoka mikate, tunayemwita Majivu. Mteja anunue mkate anatazama mkia?

— Nyie hamjui kitu, akadakia Mizinga, askari mstaafu. Njia zinanyooshwa ili tufe la mzinga lipite lango hadi lango bila kugusa ukuta.

— Acha kutupiga kamba, mzee! akasema Guyonne. Nani apoteze baruti kwa wauza siagi kama sisi?

— Mhandisi mwenyewe kaninong'oneza.

— Yule? Hata salamu haitikii!

— Sikilizeni, akasema Majivu. Mfalme anataka kutuchungulia kwa darubini toka kasri lake, aone nani anajenga na nani anapiga soga.

— Na vilima vya katikati? nikamuuliza.

— Vitasawazishwa.

— Basi anione vizuri, akasema Guyonne. Walitaka nihamie ng'ambo ya mto, nimekataa. Nitajenga hapa hapa, jiwe moja moja, hata nizeeke nalo.

Hapo hakuna aliyembishia. Wote tulikuwa tumekataa kuhama.

Akaja mwanamume mgeni, koleo begani, nguo zimejaa chokaa. Kwa lafudhi tulimjua ni mwashi kutoka jimbo la Limousin. Akanunua kahawa, akanywa kwa kusimama.

— Samahani, wazee. Nimeletwa kufukia kisima.

— Kisima kipi?

— Hicho hapo. Ndipo farasi atakaposimama.

Tukageuka. Kigingi chenye kitambaa chekundu kilikuwa mdomoni mwa kisima, tena siku zote tulikuwa tunakiona bila kujiuliza.

— Sasa moto ukirudi, akauliza mgeni, mtachota maji wapi?

Usiku ule wa moto ndoo zilipita mkono kwa mkono kutoka kisima hicho, na ndicho kilichookoa mtaa wa kanisa. Mto uko mbali, chini bondeni. Nikatazama kahawa yangu, maji yake yametoka humo humo, nikaona aibu kweli kweli.

— Shika huko, akaniambia Mizinga.

Tukainyanyua boriti, tukaiweka ukingoni mwa kisima, tukakaa. Guyonne akaleta jiko lake, akang'oa kigingi na kitambaa chake, akakisokomeza motoni chini ya birika.

— Mwambie mhandisi wako, baba, akamwambia mgeni, farasi atazame anakotaka. Lakini asimame pembeni.

— Akikataa?

— Atatukuta hapa. Leo, kesho, mpaka achore upya. Wewe weka koleo chini, ukae.

Mgeni akasita, akaliegemeza koleo kwenye boriti, akakaa nasi. Akaonja kahawa mpya.

— Mbona hii nayo haina sukari?

— Sukari iliungua, akajibu Guyonne. Maji yapo.