Vidole Chini: Maisha ya Dada Yetu, Mwalimu wa Darasa la Pili

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi walimu mliokaa mstari wa mbele. Shangazi ameniomba nisome taratibu na nisimseme mtu vibaya. Nitasoma taratibu.

Marehemu, ambaye wanafunzi walimwita Mwalimu Vidole Chini na sisi nyumbani tulimwita Dada basi, alizaliwa Jumapili tarehe 14 Machi 1971, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mpakiaji wa kiwanda hicho na mkewe mshona nguo. Baada yake walifuata kaka zetu wawili, kisha mimi kitinda mimba. Ukiwa kifungua mimba katika nyumba kama ile, utoto unaisha mapema. Alitubeba mgongoni sote, na mama alipenda kusema kwamba mimi nilibebwa mpaka miguu ikawa inaburuza chini.

Alianza shule ya msingi Januari 1978. Darasani alikuwa wa wastani. Nasema hivyo kwa sababu kama ningetia chumvi yeye mwenyewe angenikatiza. Kipaji chake kilikuwa kwingine. Baba alikuwa analeta nyumbani makatoni mabovu ya sabuni ya kuwashia jiko, na Dada alikuwa anayaokoa kabla hayajaingia motoni ili anifundishie mimi kusoma. Katoni zilikuwa na picha ya mche wa sabuni na chini yake maneno. Mimi nilikuwa mjanja, natazama picha natamka “sabuni”, nasubiri kusifiwa. Yeye akawa anaziba picha kwa kiganja. Ananiuliza, sasa hapa pameandikwa nini? Nikawa sijui, nalia, naenda kumshitaki kwa mama. Mama anamwambia amwache mtoto. Hakuniacha. Siku niliposoma “weka mbali na maji” bila picha yoyote alinizungusha uani mpaka sote wawili tukaanguka kwenye beseni la nguo, na mama akatuchapa wote.

Alimaliza sekondari mwaka 1989, akaingia chuo cha ualimu na kuhitimu mwaka 1992. Februari iliyofuata aliajiriwa katika shule hii hii ambayo bango lake mnaliona pale limefungwa kwenye nguzo za hema. Aliomba apewe darasa la pili. Walimu wenzake walimcheka, maana darasa la pili ni kufuta makamasi na kutafuta viatu vilivyopotea. Alilifundisha miaka yote hiyo, na hakuwahi kuomba jingine.

Mwaka 1996 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi wa mafriji. Shemeji alikuwa ameitwa kutengeneza friji la duka linalotazamana na darasa lake. Anasema alisikia watoto wakisoma kwa pamoja, kisha sauti moja ya mwanamke ikasema, “Rudieni, kuna mmoja ananidanganya.” Akatamani kumwona mwenye sauti hiyo. Kazi ya saa moja akaifanya siku tatu, soda za mwenye duka zikachemka, na mwenye duka hakualikwa harusini kwa sababu alikuwa bado amenuna. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti na kijana.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengine walitaka nilipitie juujuu.

Vishikwambi vilifika shuleni Mei 2021, kwenye maboksi meupe, pamoja na wageni na hotuba. Imesemwa, na imesemwa sana, kwamba dada yetu hakuvipenda, kwamba alikuwa mtu wa chaki, mtu wa zamani. Huo uongo ndio ulionifanya nishike karatasi hii leo badala ya kumwachia kaka. Alivipenda kuliko yeyote pale shuleni. Jioni ile alikuja saluni kwangu nikiwa katikati ya kichwa cha mteja, hata salamu hakutoa vizuri, akaanza kueleza kwamba kile kidude kinarekodi sauti. Mtoto atajisikia mwenyewe akisoma. Alisema tangu aanze kazi amekuwa akitafuta namna ya kuwasikiliza watoto sitini kwa wakati mmoja, na sasa ameipata.

Akatafuta njia yake. Kwanza ubaoni na kwa mdomo, mpaka kila mtoto ajue leo tunatafuta nini. Kisha kishikwambi kimoja kwa watoto wawili. Mmoja anashika, mwenzake anasoma kwa sauti na kueleza kwa nini jibu ni lile, na kabla hajaeleza hakuna kugusa kioo. Ndipo lilipotoka lile jina. “Vidole chini,” alikuwa anasema, na vidole sitini vinashuka kwenye madawati. Baadaye wanabadilishana. Wakimaliza wanajirekodi, wanajisikiliza, wanacheka, wanarudia. Halafu vishikwambi vinafungwa, wanaandika kwa penseli. Na kwa kuwa programu ya kusomea ilijaa picha, alikata vipande vya katoni akavibandika kwa utepe juu ya kioo, pale picha zinapotokea, viwe vinafunuliwa mwishoni. Mimi nilipoviona nilijua vimetoka wapi.

Lakini programu ile ilikuwa inatoa nyota. Mtoto akibonyeza jibu sahihi anapata nyota, na akikosea anaruhusiwa kubonyeza tena na tena hadi apatie. Watoto si wajinga. Waligundua mapema kwamba hakuna haja ya kusoma, unabonyeza tu hadi kijani kitokee. Mwalimu mkuu naye akaamua kubandika kila Ijumaa, nje ya ofisi yake, nyota za kila darasa. Darasa la jirani lilikuwa linavuna nyota kama mvua. La dada yetu lilikuwa la mwisho, kwa sababu wanafunzi wake walikuwa wanafikiri kwanza.

Alimwendea mwalimu mkuu kwa heshima zote. Alimwomba aandike ubaoni sentensi mbili kutoka kwenye programu ile ile, kisha aitwe mtoto yeyote wa darasa linaloongoza azisome. Alijibiwa kwamba wageni wanakuja, asiwaaibishe. Wageni wakaja Septemba 2022 pamoja na ofisa wa elimu. Ofisa akaona vipande vya katoni kwenye vioo, akavibandua kimoja kimoja mbele ya watoto, akauliza nani ameharibu vifaa hivi. Kisha akatamka, na watoto wanasikia: “Mwalimu huyu hawezi teknolojia.”

Wiki hiyo hiyo dada yetu aliondolewa darasani akapewa stoo. Kazi yake ikawa kuvichaji vishikwambi, kuvifuta vumbi, na kuvigawa kwa walimu wanaoweza. Kile chumba hakina dirisha, kina rafu na nyaya tu. Alijikaza kisabuni, kama tulivyozoea kutaniana nyumbani, lakini mimi nilimsuka nywele kila mwezi na nilikuwa naona kichwa kinavyopungua nywele kabla ya wakati. Kuanzia siku ile alitaka jambo moja tu maishani mwake, arudishiwe darasa lake la pili. Hakutaka kuombwa radhi, wala hakutaka cheo. Darasa tu.

Hapa kuna jambo ambalo hakuniambia hata mimi. Shemeji ndiye aliyenieleza, juzi, alipoiona ratiba ya leo. Mwalimu mkuu alikuwa na binti yake katika lile darasa lenye nyota. Siku moja mkewe akiwa jikoni alimtuma yule binti asome kwenye chupa ya dawa ya kikohozi anywe mara ngapi. Mtoto akaigeuza chupa, akaitazama, akaanza kuigusa kwa kidole. Kesho yake mwalimu mkuu alikwenda stoo, akaingia, akaufunga mlango mwenyewe.

“Mwalimu,” alimwambia dada yetu, “nakuomba kama mzazi.”

“Mlete,” alisema Dada. “Na vile vipande vya katoni mlivyobandua, naomba kimoja.”

Akamfundisha mle stoo, kila siku baada ya masomo, kwa kishikwambi kile kile na katoni ile ile, mpaka mtoto akasoma. Naomba nieleweke, mtoto hana kosa lolote, na hakuna wa kumcheka. Nimemwuliza mama yake kama naweza kulisema hili mbele za watu, akaniambia niseme. Dada alidhani sasa njia imefunguka. Alimwambia shemeji ajiandae kusikia habari njema. Mwalimu mkuu alimshukuru kwa mikono miwili, akamwomba jambo hilo libaki kati yao, na kuhusu darasa akasema liko mikononi mwa ofisa. Darasa la jirani likaendelea kuongoza kwa nyota.

Maradhi ya figo yaligundulika Januari 2024. Alikuwa amevimba miguu tangu miezi kadhaa nyuma, akisema ni kusimama sana, ingawa stoo ile ilikuwa na kiti. Alilazwa mara mbili, na Mei akalazwa asirudi tena nyumbani. Madaktari na wauguzi wa wodi ile walimtunza vizuri, tunawashukuru kutoka moyoni.

Wiki ya pili wodini alitembelewa na ujumbe wa shule. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nampaka mafuta miguuni. Walipoingia, uso wake uling’aa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu alipohamishiwa stoo. Alijiinua kwenye mto, akatengeneza kitambaa kichwani. Alidhani wamekuja kumwambia. Walimpa pole, wakasifu afya yake, uongo mtupu, kisha mwalimu mkuu akatoa kalamu. Kulikuwa na wageni Jumatatu, vishikwambi vimejifunga, na namba ya siri alikuwa anaijua yeye peke yake.

Alijilaza tena kwenye mto. Kisha akawatajia. Mwalimu mkuu akaandika kwenye kiganja chake.

“Andika na hili,” Dada akamwambia. “Mmoja ashike, mwenzake aseme kwanza. Halafu ndiyo waguse.”

Mwalimu mkuu alisema sawa, mwalimu, pumzika. Alikuwa ameshafunika kalamu. Nilikiona kile kifuniko cha kalamu kikiingia, na nitakikumbuka mpaka nami nilazwe chini.

Dada yetu alifariki Jumanne tarehe 11 Juni 2024, saa nne asubuhi, shemeji amemshika mkono. Siku ya pili ya msiba shemeji alikwenda shuleni na ombi dogo. Alijua kwamba kwenye vile vishikwambi kuna sauti za watoto wakisoma, na katikati yake sauti ya mkewe ikisema rudia, nimekusikia. Alitaka moja tu, aweke kwenye simu yake. Aliambiwa kwa upole kwamba vilifutwa vyote ile Jumatatu, mara tu vilipofunguliwa, ili wageni wavikute kama vipya. Shemeji akarudi nyumbani, akakaa kwenye ngazi za jikoni mpaka jioni.

Leo shule imeleta bango. Lina picha yake na maandishi kwamba alikuwa kinara wa elimu ya kidijitali. Mmesoma wenyewe. Akiwa hai alikuwa hawezi teknolojia, akifa amekuwa kinara. Kilemba cha ukoka hicho, na amevikwa wakati hawezi tena kukivua, kwa hiyo mimi namvulia. Naomba vijana wa hema walishushe bango hilo kabla hatujaenda kaburini. Shangazi, hapo sijamtukana mtu.

Marehemu ameacha mume, binti mmoja muuguzi, kijana mmoja anayefuata ufundi wa baba yake, kaka wawili, mimi mdogo wake, shangazi mmoja, mawifi, mashemeji, na watu wazima wengi humu hemani ambao herufi ya kwanza waliandikishwa na yeye. Amewaacha pia watoto wa darasa la pili wanaobonyeza mpaka sasa hivi, na wazazi wao wanaohesabu nyota. Wazazi, mkifika nyumbani leo wapeni watoto kitu chochote chenye maandishi, pakiti ya majani ya chai, chochote, zibeni picha kwa kiganja, kisha wasikilizeni.

Mungu ampokee dada yetu na kumpa mahali pa kukaa ambapo hakuna atakayekuja kumwondoa.

Ratiba inaonyesha kwamba anayenifuata ni wa kusoma salamu za rambirambi za shule. Ameteuliwa binti wa mwalimu mkuu, sasa yuko darasa la nne. Nimeambiwa walijaribu wanafunzi kadhaa na yeye ndiye pekee aliyeweza kuzisoma zote bila kukwama. Sijaona kilichoandikwa. Nasikia ni maneno marefu ya kumsifu, na ameyaandika baba yake.

Mwalimu mkuu, sauti ya dada yetu mliifuta, lakini hii moja imebaki. Isikilize.

Njoo, mwanangu. Simama hapa karibu na jeneza la mwalimu wako, usiwaogope watu, na usiharakishe. Vidole chini. Soma.