Bi Penina Kajipeleka Mlali Mwenyewe

Bi Penina Chidawali amestaafu tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya kuitumikia idara ya maziwa ya kituo chetu cha mifugo hapa Mpwapwa kwa miaka thelathini na minne. Wasifu huu ulikuwa uandikwe na ofisi. Mimi, Methusela Mlewa, dereva, nikakataa. Nikawaambia hakuna mtu kituoni aliyesafiri sana na huyu mama kuliko mimi, na asiyeamini aende zizini akaulize. Wakanipa kalamu huku wanacheka. Andiko refu kuliko yote lililowahi kutoka mkononi mwangu ni maombi ya matairi, na matairi yalikuja, kwa hiyo someni tu.

Bi Penina alianza kibarua cha kukamua, akaajiriwa, akaishia kuwa msimamizi wa zizi zima. Alikuwa na kawaida yake: haingii kwa ng'ombe bila kubisha hodi. Anasimama mlangoni, anasema, "Hodi, mabibi," anasubiri kidogo, ndipo anaingia na ndoo. Alipokwenda likizo ya uzazi maziwa yakapungua, nami nikajitolea kwenda kubisha hodi kwa sauti nyembamba kama yake. Niliifanya kazi ile vizuri sana. Ng'ombe wawili waliruka ua.

Mwaka wa ule ukame mbaya tulikwenda wote mpaka kandokando ya bwawa la Mtera kutafuta nyasi, safari baada ya safari, na zizini kwake hakufa ng'ombe kwa njaa. Hilo ni lake. Langu lilikuwa kupotea njia mara moja, tena kwa kujiamini kabisa.

Sasa niwaeleze habari ya gari, maana ndiyo wote mnaingojea.

Hapa kwetu mstaafu hupelekwa nyumbani kwa pikapu ya kituo, amekaa mbele, zawadi zake nyuma, na dereva wa kazi hiyo ni mimi. Nimewapeleka wakubwa na wadogo. Hata mimi nilipostaafu nilijipeleka mwenyewe, kesho yake nikarudi nayo kazini kwa mkataba, kwa sababu nani mwingine angeiwasha?

Mwanzoni mwa mwaka Bi Penina akanifuata pale kwenye kivuli cha gereji. "Mzee Methusela, mimi usinipange. Kwetu Mlali nitakwenda na gari langu, na usukani nashika mimi."

"Gari gani?"

"Dogo. La otomatiki."

Nikamwambia otomatiki si gari, ni friji lenye matairi.

"Sawa, nitakwenda na friji langu," akasema. "Maisha yangu yote nimekaa kiti cha abiria. Siku hiyo sitaki."

Kumbe leseni alikuwa nayo tayari. Alijifunza udereva kimyakimya, akijua nikisikia nitajitolea kumfundisha.

Kwenda kununua hakuweza kunikwepa. Tulikwenda Dodoma mjini kwa muuzaji mmoja, Swalihu, kijana mwenye adabu, anauza magari yaliyokwisha kutumika. Nikayakagua kama mtaalamu: nikapiga teke matairi, nikanusa oili, nikaweka sikio kwenye boneti. Kigari kimoja kikampendeza mama. Nikasema lazima nikijaribu mimi kwanza. Swalihu akakaa pembeni yangu, mama nyuma. Tukaenda vizuri mpaka kwenye kona. Hapo mguu wangu wa kushoto, ambao tangu uanze kazi haujawahi kuchelewa klachi, ukaikanyaga klachi kwa nguvu zote. Klachi haikuwepo. Iliyokuwepo ni breki.

Kofia ya Swalihu ilifika kwenye kioo kabla yake. Akaiokota, akaikung'uta, akasema, "Mzee wangu, shikamoo tena, lakini naomba usukani."

Bi Penina alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kitenge. Akashika usukani, akazunguka mtaa mzima, hakuna aliyerushwa. Akasema anachukua hilohilo. Mimi nikamthibitishia kwamba breki zake ni nzuri sana, nimezipima mwenyewe.

Lilikuwa limechoka lakini. Shokapu zilikuwa zimekufa, viti vimechanika, na mlango mmoja ulikubali kufunguka kutoka nje tu. Tukalipeleka kwa fundi Hashimu hapa Mpwapwa. Akabadilisha shokapu na bushi, akamwaga mafuta ya giaboksi akaweka mapya, akashona viti, akanyoosha bati, akapiga rangi ya maziwa, chaguo la mama. Mimi kila jioni nilikaa juu ya tairi nikitoa maelekezo. Hashimu akaniambia, "Mzee, ukinisaidia tena, hili litakamilika mwakani."

Katikati ya Juni lilikuwa tayari, likaegeshwa mbele ya ofisi, linameta. Nikaomba nilisogeze tu kivulini. Nikalisogeza, nikasahau taa zinawaka, na asubuhi betri ikawa imekufa. Hashimu akanionya kwenye simu: "Usilisukume, mzee! Hilo haliwaki kwa kusukumwa. Naja na betri."

Nikamjibu kwamba nimewasha matrekta kwa kusukumwa yeye akiwa hajazaliwa, nikakata simu. Nikawaita wafanyakazi, nikakaa kwenye usukani, nikatoa mkono dirishani kama kiongozi. Wakasukuma. Kutoka ofisini kwenda kwenye josho la kuogeshea ng'ombe ni mteremko, na gari likashuka kimya kama mtu anayekwenda kukopa. Halikuwaka. Breki nazo, injini ikiwa imezimika, zikawa ngumu kama jiwe. Tukaingia kwenye shamba la majani ya ng'ombe, tukatokea upande wa pili, nguzo ya josho ikatupokea.

Bi Penina akatoka zizini na ndoo ya maziwa. Akaitazama taa iliyovunjika. Akaitazama bampa iliyokuwa imelala peke yake.

"Umeumia?"

"Sijaumia, mama."

"Bado," akasema, akarudi kukamua.

Zilikuwa zimebaki siku chache. Kituo kizima kikasema basi, mama atapelekwa kwa pikapu kama wengine. Mimi, Mungu anisamehe, nikaanza kuiosha. Yeye hakubishana na mtu. Alipanda basi kwenda Dodoma, akarudi na taa ameipakata kama mtoto. Bampa ya rangi ya maziwa haikupatikana, ikapatikana nyeusi. Hashimu akaifunga hivyohivyo, na gari likafanana na ng'ombe wa kienyeji. Mama akalizunguka, akasema, "Sasa ndiyo limekuwa langu."

Siku yenyewe, baada ya hotuba na pilau, akaondoka mbele. Mimi nikafuata na zawadi. Tenki la maji lilijaza nyuma yote, kwa hiyo mbuzi tuliyemnunulia nikamkalisha mbele, kiti cha wastaafu. Nilikuwa nimemwambia mama asiogope, akikwama niko nyuma yake. Hakukwama. Aliyesimama Kongwa kutia maji kwenye rejeta ni mimi.

Kule Mlali dada yake mkubwa, Bi Emilia, alikuwa amewapanga kina mama na kutandika kanga kutoka barabarani mpaka mlangoni. Walikuwa wanasubiri pikapu. Kigari chenye vumbi kilipotokea hawakukiangalia mara mbili. Wakakipungia: "Wewe wa kigari, sogea kule, tuna mgeni!" Bi Penina akasogea, akaegesha kando ya ghala la mahindi, akatulia ndani, anawatazama.

Nilipofika mimi, vigelegele vikapanda mpaka juu. Wakafungua mlango wa abiria. Mbuzi akashuka, akapita juu ya kanga, taratibu, mpaka mlangoni.

Bi Emilia akachungulia ndani ya pikapu: "Methusela! Mdogo wangu umempeleka wapi?"

Honi ikalia kando ya ghala. Bi Penina akatoa kichwa dirishani. "Si mmenifukuza!"

Wakamkimbilia, wakamwomba ashuke aje atembee kwenye kanga zake. Akasema hashuki. Akarudi kinyumenyume mpaka barabarani, akaingia upya, polepole, mkono kwenye honi, matairi juu ya kanga, Bi Emilia mbele ya gari anacheza, mpaka bampa nyeusi ikakaribia kugusa kizingiti. Hapo ndipo akazima, akafungua mlango, akashuka.

Nimewapeleka nyumbani wastaafu wengi sana. Huyu ndiye wa kwanza niliyemwona akifika.

Bi Penina, kituo kinakushukuru kwa maziwa, kwa uvumilivu, na kwa kutonipiga ile asubuhi ya josho. Lala mpaka jua litoke, umeamka alfajiri vya kutosha. Upate afya, wajukuu wenye adabu na mvua za wakati. Kaa kwa amani, mama yetu.

Methusela Mlewa
Dereva