Mama Dokta Vagheni Berthe, Aliyezaliwa Mususa na Manguredjipa (1961–2003)

Wapendwa katika Bwana, asanteni kufika wengi hivi, hata wale walitoka Beni na Kasindi kupita mabarrière, vizuizi vya askari njiani. Mama tunayemusindikiza leo alipenda kucheka sana. Mutu akicheka wakati tunasoma, asione haya.

Vagheni Berthe alizaliwa tarehe 14 Agosti 1961 hapa Butembo, mu Mususa, mutoto wa tatu wa Baba Zorobabel, seremala, na Mama Syauswa. Alikuwa mutoto wa maswali. Kuku ikichinjwa, yeye ndiye wa kwanza kuinama kuangalia ndani: "Mama, na hii ni ya kazi gani? Na hii?" Chakula kilichelewa, batoto bengine balikasirika, yeye alikuwa bado anauliza.

Shule ya msingi alisoma hapa Mususa, kisha sekondari, mu section ya biochimie, masomo ya biolojia na kemia, musichana peke yake kati ya bavulana. Jirani mumoja alimuambia baba: "Zorobabel, unapalilia shamba ya benyewe. Huyu ataolewa, matunda batakula bengine." Baba hakuacha randa yake. Alijibu: "Bakule vizuri. Miye nitakuwa nilipalilia." Mwaka 1981 Berthe alipata diplôme d'État ya kumaliza sekondari, akapanda lori juu ya mifuko ya maharagi, akaenda kusoma udaktari Kisangani. Juni 1989 alirudi dokta! Bamama ba Mususa balimupokea na vigelegele, balimuimbia, balimukumbatia, mpaka bibi mumoja muzee akamuvuta pembeni: "Mwanangu, tumefurahi. Mais lakini dokta mwenyewe atakuja lini?"

Alianza kazi Beni mwaka uleule. Alizalisha, alipasua, alishona. Bamama balimupenda. Banaume, pole pole. Bamoja bakiona kwamba mwenye kushika kisu ni mwanamuke, baliomba nguo zao. Yeye alibasindikiza mpaka mulangoni na kubaambia: "Muende salama. Ikiuma, mutanikuta." Ilipouma, balirudi.

Tarehe 20 Julai 1991 aliolewa na Ananie Kamate, mwalimu wa hesabu, mutoto wa Manguredjipa. Siku ya kuzungumza mahari, Baba Josaphat, baba yake Ananie, alisimama akasema: "Mbuzi tutaleta. Donc, shida hakuna. Mais akifika kwetu, mukono wake ushike jembe. Mambo ya kukata batu na kisu, hapana." Musichana mwenye kuolewa haongee mu baraza ya namna ile. Basi toka jikoni, nyuma ya pazia, sauti ikasikika: "Baba, mikono ni miwili!" Bazee bote baligeukia pazia. Shangazi Élise, dada ya Josaphat, ndiye alianza kucheka, akacheka mpaka machozi, na mahari ikaendelea. Mungu aliwapa batoto batatu: Joyeuse, Ariel na Christa.

Vita ya 1998 ilipopamba moto, Berthe na Ananie balihamia Manguredjipa. Hopitali ya pale ilikuwa kidogo, yenye dokta mumoja tu, Stanislas; Berthe akawa wa pili. Novemba 1999 Stanislas alienda Butembo kutafuta dawa, na nyuma yake mapigano yakafunga njia. Mu juma ile ile batoto ba Josaphat balimuleta baba yao na tipoyi, kitanda cha kubeba mabegani. Ngiri yake ya zamani ilikuwa imebana utumbo. Tumbo lilikuwa gumu kama ngoma, alikuwa anatapika. Berthe alijua: asipopasuliwa mbele ya jua kuzama, mutu huyu atakufa.

Sasa, kwetu tunajua heshima ya mukwe. Muke wa mutoto hamushike baba-mukwe hata mukono, hakae naye kiti kimoja. Na ngiri, ndugu zangu, munajua inakaa wapi. Berthe alisimama mulangoni, amemupa muzee mugongo kwa heshima, anaongea na ukuta.

"Baba, nakuheshimu. Mais utumbo wako haujue heshima. Unanyongeka."

"Muite Stanislas."

"Stanislas iko Butembo, na njia ni masasi ya bunduki tupu."

"Afazali nife na nguo zangu. Nitamungoja Bwana Yesu."

"Bwana Yesu utamukuta leo leo!" Shangazi Élise alimukemea. "Na atakuuliza nani alikuita!"

Ananie alilia. Alimuomba baba yake kwa magoti. Muzee aligeuza uso. Mu roho ya Berthe mulikuwa moto: kusoma miaka yote ile, na mutu anamufia mbele ya macho juu ya jina moja tu, mukwe. Aliomba kimya: "Bwana, nifungulie mulango."

Bwana alimufungulia kwa mukono wa Élise. Shangazi yule muzee, mwembamba kama mufupa, alifungua kitenge chake cha juu, akainama mbele ya Berthe: "Panda!"

"Shangazi, nitakuvunja!"

"Panda, nimesema!"

Na Berthe wetu, munamujua, hakuwa mwepesi. Alipanda. Élise akamufunga mugongoni na kitenge, akazunguka kitanda anayumba, miguu ya dokta inaburuta chini, anapiga vigelegele: "Tumezaa! Tumezaa, Josaphat! Ni musichana! Miye shangazi yake nimemupokea. Tangu leo nyumba hii haina mukwe, iko na binti, na binti anaosha baba yake mugonjwa!" Bauguzi balicheka, Ananie alicheka na machozi yake, na Josaphat mwenyewe akaanza kutikisika: "Muache! Musinichekeshe, inauma!" Kisha akamuangalia Berthe uso kwa uso, mara ya kwanza tangu arusi. "Basi, binti yangu. Kata."

Baliomba, akakata. Utumbo ulikuwa bado muzima. Haleluya! Alipopona, Josaphat alitembea Manguredjipa yote akiita banaume benye ngiri: "Mwende kwa binti yangu, mukono wake ni laini!" Akikuta baba amezuia musichana shule, alikaa kwake mpaka baba anachoka na kusema ndiyo.

Mwaka 2001 Berthe alirudi Butembo kufundisha bauguzi. Askari balipotaka kulala mu maternité, wodi ya bazazi, yeye na bamama benzake balikaa mulangoni, baliimba nyimbo za kanisa mpaka askari bakaenda kulala kwingine.

Septemba 2002 kansa ya titi ilimushika. Mu kitanda bado alifundisha. Mwanafunzi wake Falonne, aliyeendelea kusoma udaktari, alikuja kumuambia kwamba amesaidia kupasua mara ya kwanza. Berthe aliketi, macho yanawaka: "Ulitetemeka?" "Mbele ndiyo, Mama Dokta. Kisha hapana." "Vizuri! Niambie yote, anza na mikono." Baba Josaphat alifika na pikipiki toka Manguredjipa, akaketi ku kitanda chake na kumushika mukono mbele ya batu bote. Jumamosi tarehe 17 Mei 2003, saa tatu ya asubuhi, Berthe alirudi kwa Mungu.

Anaacha bwana yake Ananie, batoto batatu, mama yake Syauswa, dada yake Mariette, Shangazi Élise, na Baba Josaphat. Baba Zorobabel alimutangulia mwaka 1995. Tulipopanga viti, tulimuweka Josaphat upande wa bakwe. Alibeba kiti chake mwenyewe, akakiweka hapa mbele, kando ya Mama Syauswa, mahali pa baba. Munamuona. Hakuna aliyemuhamisha.

Bwana amupokee binti yetu, na alale mu amani yake.