Ganzi ya Begani

Kwenye Hiace ya kutoka Muze, mama mmoja alimwonyesha mzee aliyekaa naye vidole vilivyokakamaa tangu mashine ya kusaga ilipomvunja mkono. "Hospitali wananichoma ganzi begani ndipo wanavikunja. Sisikii kitu. Leo sishuki hospitali, napitiliza sokoni."

"Mama, ulezi unaiva. Utashikaje kisu?"

"Juzi nilirudi na ganzi, nikaepua sufuria. Harufu ndiyo iliyoniambia naungua."

"Hawakukwambia usubiri iishe?"

"Waliniambia. Na ugali nao ungesubiri, baba?"

Mzee akaguna. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma yao. Marehemu mume wangu naye vidole vilimkakamaa, akaikataa sindano hiyo. Havikukunjika tena, na siku ya maziko rozari tuliifunga mkononi mwake kwa uzi.

Gari likasimama hospitali. Kondakta akauliza mara mbili kama kuna wa kushuka.