Shangazi wa Stoo na Maharage Yaliyochambuliwa Mara Mbili

Baada ya miaka ishirini na miwili ya kuhudumu katika stoo ya chakula ya mtaa wetu, Shangazi anastaafu rasmi leo Ijumaa. Kamati imeniomba niandike machache ya kusomwa kwenye sherehe. Machache! Wanakamati hawajawahi kukaa na Shangazi siku ya kupokea mzigo, ndiyo maana wanadhani ana machache.

Aliajiriwa kama msafishaji. Wakati huo stoo ilikuwa chumba kimoja nyuma ya zahanati, chenye rafu mbili, mzani mwongo, na paa lililovuja juu ya mchele tu, kana kwamba lilichagua. Msimamizi wa kwanza alipoondoka, Shangazi ndiye aliyejua funguo zote na panya wote, kwa hiyo akapewa kazi. Mikononi mwake chumba kimoja kikawa vitatu, jokofu likapatikana, na wanaohudumiwa wakafika hadi ng'ambo ya barabara kuu. Jina lake halisi limo kwenye barua ya ajira na sidhani kama mtu ameliona tena. Hata mwenyekiti, anayemzidi umri, humwita Shangazi, naye huitika bila kucheka.

Wageni hutuuliza tunawapataje watu wa kujitolea kila wiki bila malipo. Fundi cherehani huja kwa sababu, asemavyo mwenyewe, nyumbani kwake mashemeji ni wengi kuliko viti. Nesi mstaafu alianza kuja baada ya mumewe kufariki, maana nyumba ilikuwa kimya mno. Dereva wa pikipiki alileta mzigo wa viazi siku moja, akakaribishwa chai, na hadi leo hajaimaliza. Shangazi hakumuuliza hata mmoja wao sababu. Alisema mikono haiulizwi imetoka wapi, inaulizwa kama imenawa.

Sababu yangu naijua mimi, na yeye anaijua. Leo naisema.

Mara ya kwanza nilikuja stooni kuchukua, si kusaidia. Nilikuwa nimebaki peke yangu na watoto watatu, na kazi ya kufua nguo za watu ilikuwa imekatika. Nilikuja saa za jua kali, watu wakiwa ndani, nikauficha unga chini ya nguo kwenye beseni ili majirani wadhani natoka kazini. Watoto niliwaambia nimelipwa. Basi siku moja nilikuwa kwenye foleni ya maji, Shangazi akapita. Kwa furaha yake yote, na kwa sauti yake ile isiyojua kipaza sauti ni cha nini, akaniuliza kama unga wa juzi ulitosha au aniongezee. Ulimi hauna mfupa. Foleni nzima iligeuka. Nilibeba ndoo ikiwa nusu, nikaenda zangu.

Sikurudi tena stooni. Tulikula tulichopata, na siku nyingine hatukupata. Nilijiambia heri njaa, maana njaa hukaa ndani ya nyumba.

Nesi anasema siku zile Shangazi alikuwa akiacha chai ikapoa, macho mlangoni. Alijua alichokifanya. Mwishowe akaja kwangu kupiga hodi, na nilipomwona nilitaka kumfungia mlango. Hakuleta unga, wala hakuleta pole. Alikaa kizingitini, akayalalamikia magoti yake, kisha akasema ameletewa gunia zima la maharage yaliyochanganyika na dengu, na wasaidizi wake wanaona kama kuku wa jioni. Akaniomba nimwokoe. Nilikwenda kwa sababu niliombwa. Nilikuwa nimesahau kuombwa kunafananaje.

Tulichambua mpaka alasiri. Tulipomaliza alijaza mifuko ya bluu, yote sawasawa, akatugawia: fundi, nesi, mimi, na yeye mwenyewe. Tukatoka nayo kwa lango la mbele, mchana kweupe. Tangu hapo ikawa sheria kwamba hakuna atokaye stooni mikono mitupu, awe na shida au asiwe nayo, na mfuko ni ule ule. Mwenyekiti alipinga, akasema si haki mtu mwenye gari kubeba unga wa stoo. Akabebeshwa. Kila mara hufika kwenye kona, akageuza gari na kuurudisha kwa mlango wa nyuma, na Shangazi huupokea na kumshukuru kwa mchango wake.

Majirani wa ile foleni wakaanza kuniuliza kama na wao wanaweza kuja kusaidia. Wengine walikuja kusaidia kweli, wengine walikuja kwa sababu kama yangu, na hadi leo sijui nani ni nani. Wala sitauliza.

Ilipita miaka kabla fundi hajanitobolea siri. Maharage yale yalikuwa safi! Yeye na nesi walikuwa wameyachambua jana yake, migongo ikiwauma, halafu Shangazi akayamwagia dengu na kuyakoroga kwa mikono miwili huku fundi amejishika kichwa. Fundi hajamsamehe vizuri. Mimi nilicheka mpaka nikalia, kisha nikalia tu.

Kuanzia Jumatatu stoo naisimamia mimi. Naogopa, jamani. Sauti sina, na panya wananidharau.

Mwanangu wa kwanza amekaa humu ukumbini, mstari wa mbele. Yeye na wadogo zake wamekua wakijua kwamba mama yao alikuwa akisaidia wenye shida, na ule mfuko wa bluu ulikuwa asante yake. Walijivunia hilo mpaka shuleni. Shangazi aliwaacha wajue hivyo, na ulimi wake haukuteleza tena hata mara moja.

Mwanangu, wenye shida tulikuwa sisi. Chakula kilichokukuza kilitoka stooni. Nayasema haya mbele ya watu wote hawa, na sioni haya.

Asante, Shangazi. Sote tunakuombea afya, usingizi mzuri, na wajukuu wasiokuacha upumzike sana. Nenda salama, mama yetu.