Jino la Mwisho la Mbio

Kijiwe chetu hapa Rongo ni benchi moja ya mbao mbele ya jiko langu la kahawa, karibu na stendi ya bodaboda. Wa kila jioni ni watatu. Mzee Maranga aling'olewa meno sita ya chini ujanani, kama desturi ya Waluo wa zamani. Makori anauza miwa, tunamwita Chuo kwa sababu ya mambo anayosoma kwenye simu. Werema, tunayemwita Mbio, ni kijana wa boda. Watu wake wako mbali, Kuria, karibu na mpaka. Jana jioni alikuja shavu limevimba kama ameficha andazi.

— Jino la mwisho, akasema Mbio. Limekosa nafasi, linasukuma mengine. Kesho linang'olewa hospitali.

— Si makosa yako, akasema Chuo. Watu wa kale walitafuna mizizi na nyama ngumu, taya likapanuka. Sisi tunakula laini tangu utotoni. Taya limebaki dogo, meno ni yale yale.

— Kwa hivyo ni chapati za mama?

— Chapati, mkate, chipsi! Ungetafuna miwa yangu ungekuwa na taya la kiboko.

— Omera, ndugu yangu, wacha kuuzia mgonjwa miwa, akasema Maranga. Wazee wetu waliona haya yakija. Walitoa sita mapema, yaliyobaki yakae kwa raha.

— Jaduong', mzee wetu, hayo ni ya mbele, akasema Chuo. Lake liko nyuma kabisa.

— Si yatasogea? Hata kwa benchi watu husogea.

Tukacheka. Mbio alicheka kwa upande mmoja.

— Wajukuu wetu watazaliwa na mdomo wa kunywa tu, akasema Chuo.

— Shida si chakula, akasema Maranga. Shida ni kula peke yako. Ukiwa peke yako hutafuni. Unameza, unalala.

Mbio akaacha kucheka. Mzee alikuwa amechukua kikombe cha kijana, akawa anakipuliza taratibu kipoe.

Mwanamke mmoja aliyeleta dagaa wa omena kutoka Sindo, ziwani, alikuwa amesimama hapo na kikombe chake. Hatukuwa tumewahi kumwona.

— Kijana, na kesho nani anakupeleka?

— Nitajipeleka na pikipiki.

— Na kurudi? Mdomo ukitoka damu?

Mbio akatazama chini. Chuo akafungua simu, akaifunga.

Mimi, binti yangu Mellen nilimzaa hospitalini bila mtu wa kunishikia sweta. Nikamimina kahawa ya mwisho kwa kikombe cha Mbio, nikafunika birika.

— Kesho sipiki, nikasema. Mbio, nipitie asubuhi. Pikipiki utaiacha hapa.

Kijana akaitikia kwa kichwa tu. Maranga akavuta fimbo yake karibu.

— Mama Mellen, benchi ya hospitali inatosha watu wangapi?

Sikujua. Nikamwambia watu husogea.